Hakimu wa Wasio na Kura

Leo twataka kuzungumza juu ya kazi ya hakimu, na hasa juu ya jambo moja ambalo huenda likawashangaza wengi wenu, ya kwamba ziko nchi ambako hakimu hupata kiti chake kwa kura za watu, kama vile mbunge apatavyo chake. Huku kwetu Afrika ya Mashariki si desturi hiyo. Hakimu wetu huteuliwa baada ya kusoma sheria, wala hazunguki mtaa kwa mtaa akiomba achaguliwe. Lakini katika majimbo mengi ya Marekani, hakimu wa wilaya, yule asikilizaye kesi mara ya kwanza na kuwaona washitakiwa uso kwa uso, hana budi kusimama mbele ya watu kila baada ya miaka kadha na kungoja hukumu yao. Je, desturi hiyo ni njema? Tukibishana kwa maneno matupu hatutafika mbali. Afadhali tutazame maisha ya mtu mmoja aliyechaguliwa hivyo mara nyingi, akapandishwa kwa kura na kuangushwa kwa kura, naye ni Benjamin Barr Lindsey, aliyekuwa hakimu wa watoto katika mji wa Denver, jimbo la Colorado.

Kwanza yafaa tujue desturi hii ilianzia wapi. Marekani ilipokuwa changa, mahakimu wa majimbo waliteuliwa na magavana au na mabaraza ya kutunga sheria. Watu wakanung'unika wakisema kwamba mahakimu hao ni marafiki wa wakubwa, na kwamba maskini akiingia mahakamani kudai haki yake hukuta mlango umekwisha fungwa. Kwa hiyo jimbo la Mississippi, mwaka 1832, likaamuru mahakimu wake wote wachaguliwe kwa kura. New York ikafuata mwaka 1846, na baada ya hapo majimbo mengi yakaiga. Mahakimu wa serikali kuu ya nchi hawakuingizwa katika desturi hii. Hao huteuliwa na Rais na kukubaliwa na baraza la Seneti, tena hushika kazi yao maisha, maadamu wana mwenendo mwema. Nia ya waliotaka kura ilikuwa njema, maana walitaka hakimu awaogope wananchi kuliko kuwaogopa wakubwa. Lakini waswahili husema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mara vyama vya siasa vikaona kwamba kiti cha hakimu nacho ni kitu cha kugombewa, na mtu asiyetajwa na chama akawa hana njia ya kukifikia.

Lindsey alizaliwa tarehe 25 Novemba 1869 katika mji wa Jackson, jimbo la Tennessee. Alipokuwa mtoto wazazi wake walihamia Denver, mji uliokuwa ukikua upesi kwa sababu ya reli na madini ya milimani. Baba yake alifariki kabla mwanawe hajatimiza miaka ishirini, akaiacha nyumba haina kitu. Ikawa kijana huyo, aliyekuwa mfupi na mwembamba kupita wenzake, ndiye tegemeo la mama na wadogo zake. Alipeleka magazeti kabla ya mapambazuko, akafanya kazi ofisini mchana, na usiku akafagia vyumba vya watu. Katika ofisi ya wakili mmoja alianza kusoma vitabu vya sheria, akavisoma kwa taabu na uchovu, hata mwaka 1894 akakubaliwa kuwa wakili. Twalitaja jambo hili kwa makusudi. Wako mahakimu wanaoijua njaa kwa kusimuliwa tu, na wako walioijua kwa matumbo yao wenyewe. Lindsey alikuwa wa hao wa pili, na katika kazi yake ya baadaye jambo hilo lilionekana.

Mwaka 1901 alipewa kiti cha hakimu wa wilaya ili kujaza nafasi iliyokuwa wazi. Kazi yake kubwa ilikuwa kesi za mali, mirathi na madeni. Siku moja, alipokuwa akisikiliza kesi ya namna hiyo, mwendesha mashitaka alimwomba aiweke kando kidogo ili amalize jambo dogo, la mvulana aliyeiba makaa ya mawe kando ya njia ya reli. Ushahidi ulikuwa wazi na sheria ilikuwa wazi. Hakimu akaamuru mtoto apelekwe katika shule ya maadilisho, akashika kalamu kuendelea na kesi yake. Ndipo nyuma ya chumba ukasikika ukelele wa mama wa yule mtoto, ukelele wa mtu aliyefiwa. Mama alikuwa akijipiga kichwa ukutani. Lindsey hakuweza kuendelea. Alimwita mwendesha mashitaka, akaisimamisha hukumu yake, na usiku ule akaenda kwa miguu yake mwenyewe hata nyumbani kwa watu hao. Alikuta vibanda viwili vya baridi, na baba amelala kitandani, amedhurika kwa sumu ya risasi aliyoipata katika kazi ya kuyeyusha madini. Makaa yale aliyoiba mtoto yalikuwa ya kuwasha moto katika nyumba ile. Sheria ilikuwa imemwona mwizi, lakini haikuiona nyumba.

Tusifikiri kwamba hakimu huyu alisema, basi, kuiba si neno. Hakusema hivyo kamwe. Alimwachilia mtoto kwa uangalizi, awe akija kutoa habari zake kwa hakimu. Kisha akakaa kuzisoma sheria za jimbo, akitafuta njia halali ya kuwatenga watoto na majambazi. Akaiona katika sheria ya shule ya mwaka 1899, iliyosema kwamba mtoto mtoro au mtukutu aweza kuhesabiwa kuwa amekosa malezi, asihesabiwe mhalifu. Mwaka huo huo wa 1899 mji wa Chicago, katika jimbo la Illinois, ulikuwa umefungua mahakama ya kwanza ya watoto katika Marekani. Lindsey akamwomba mwendesha mashitaka awalete watoto wote wenye mashitaka kwake chini ya sheria ile ya shule. Hivyo, pasipo kungoja jengo jipya wala fedha mpya, mahakama ya watoto ikaanza Denver.

Nasi walimu twapendezwa hasa na baraza lake la Jumamosi. Asubuhi ya siku hiyo wavulana walioachiliwa kwa uangalizi walikuja mahakamani na barua za walimu wao, zikieleza masomo na mwenendo wao wa majuma yaliyopita. Hakimu alishuka katika kiti chake cha juu, akakaa kati yao. Barua njema aliisoma kwa sauti mbele ya wote, akamsifu mwenyewe. Mwenye barua mbaya alizungumza naye kando, kwa faragha, asije akamwaibisha. Aliyekuwa akionywa jana alijitahidi juma lililofuata ili naye asikie jina lake likitajwa kwa heshima. Kila mwalimu aliyepata kushika darasa anajua ya kuwa fimbo humfikisha mtoto mahali fulani tu, na kwamba kutoka hapo yatakiwa kitu kingine. Lindsey alikijua kitu hicho, na alikitia ndani ya mahakama, mahali ambapo wengi hawakutazamia kukiona.

Aliwaamini watoto kwa namna iliyowatia watu hofu. Alipoona hapana budi mvulana kupelekwa shule ya maadilisho, iliyokuwa katika mji wa Golden nje ya Denver, hakumpeleka kwa askari na pingu. Alimwita chumbani mwake, akamweleza kwa nini anakwenda, akampa hati ya hukumu mkononi na nauli ya gari, akamwambia aende mwenyewe. Maaskari walicheka. Walisema mtoto huyo ataingia gari la kwanza liendalo upande mwingine. Lakini miaka ilipita, na wavulana kwa wavulana walikwenda Golden peke yao, wakabisha hodi, wakatoa hati zao. Waliokosa kufika walikuwa wachache sana. Mtoto ambaye tangu kuzaliwa ameambiwa kuwa ni mwizi, siku ile mtu mkubwa alimwambia kwamba ni mwaminifu, naye hakutaka kumwonyesha mtu yule kuwa amesema uongo.

Huruma peke yake haikutosha. Watoto waliokamatwa walikuwa bado wakitiwa katika jela ya watu wazima kabla ya kufikishwa mbele yake, na humo walijifunza maovu ambayo hawakuyajua. Lindsey alipolisema jambo hili hadharani, wakuu wa polisi walimkanusha. Basi akawaalika chumbani mwake gavana, wakuu wa mji, wakuu wa polisi na wahubiri, akawaita na wavulana waliokuwa wamefungwa, akawaambia wale wadogo wawaeleze wakubwa waliyoyaona jela. Wakaeleza mmoja mmoja, kwa maneno yao wenyewe, mambo ambayo hayawezi kusemwa katika redio. Wale wakubwa hawakuweza kukaa wakayasikiliza yote. Baada ya hayo hapakuwa na nguvu ya kupinga. Mwaka 1903 jimbo la Colorado lilitunga sheria mpya za watoto, na moja kati ya hizo ilikuwa jambo jipya katika Marekani. Sheria hiyo ilisema kwamba mtu mzima aliyesababisha mtoto kuingia katika kosa, awe mzazi, au mwenye kilabu cha pombe, au mnunuzi wa vitu vya wizi, naye atashitakiwa. Ikajengwa na nyumba ya kuwekea watoto waliokamatwa, iliyokuwa mbali na jela. Mwaka 1907 mahakama ya watoto ya Denver ikapata sheria yake yenyewe na hakimu wake, naye hakimu huyo alikuwa Lindsey.

Sasa tumefika mahali ambapo kura zaingia katika habari hii. Mtu anayemtendea mema mtoto wa maskini hana adui, mpaka afuatilie sababu za umaskini na uovu. Lindsey alizifuatilia. Aliwashitaki wakuu wa wilaya waliolipa bei kubwa mno kwa makaratasi ya ofisi, ingawa walikuwa wa chama chake mwenyewe. Aliwaandama wenye vilabu waliowauzia pombe vijana. Alisema waziwazi kwamba makampuni makubwa ya mji yalikuwa yakivilisha vyama vyote viwili, na kwamba mashine ya uchaguzi ilikuwa mikononi mwao. Mwaka 1906 aligombea ugavana akashindwa. Mwaka 1908, wakati wa kuchaguliwa tena kuwa hakimu ulipofika, chama cha Democrat hakikumtaja, wala chama cha Republican hakikumtaja. Kwa desturi ya siku zile, mtu asiyetajwa na chama chochote alikuwa amekwisha kushindwa kabla ya siku ya kura.

Lindsey akasimama peke yake. Hakuwa na fedha nyingi wala magazeti makubwa nyuma yake. Alikuwa na wavulana wa mitaani, walioimba barabarani kwamba laiti wangalikuwa watu wazima wangalimpigia kura. Lakini mtoto hana kura. Basi ni nani aliyepiga? Twapaswa kukumbuka kwamba Colorado iliwapa wanawake haki ya kupiga kura mwaka 1893, miaka mingi kabla ya nchi nzima kuwapa haki hiyo mwaka 1920. Akina mama wa Denver walikuwa wakizijua kazi za hakimu huyu nyumbani mwao, si kwa kuzisoma gazetini. Wakajitokeza, pamoja na wafanya kazi na wahubiri wengi, na hesabu ilipokwisha Lindsey akawa amewashinda wagombea wa vyama vyote viwili. Siku ile desturi ya kumchagua hakimu kwa kura ilionyesha uzuri wake wote. Wakubwa walikuwa wamemwacha, wadogo wakamrudisha. Kama angalikuwa akiteuliwa na wale wakubwa, kazi yake ingalikoma mwaka huo.

Jambo jingine lililompa heshima lilitokea mwaka 1915. Mwanamke mmoja alishitakiwa kwa kumwua mumewe, na mtoto wake wa kiume alikuwa amemweleza Lindsey siri ya jambo hilo. Mahakama nyingine ikamwita hakimu huyu aje kama shahidi, aseme mtoto alimwambia nini. Lindsey akakataa. Alisema kwamba watoto humweleza kweli kwa sababu wanaamini hataitoa, na kwamba akivunja ahadi kwa mmoja amevunja kwa wote. Akatozwa faini ya dola 500 kwa kuidharau mahakama, na mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikaithibitisha faini hiyo. Wako watakaosema kwamba hakimu hana ruhusa kuikaidi sheria, nao wana hoja. Hata hivyo hakukimbia adhabu, wala hakujificha nyuma ya kiti chake. Alitozwa kama mtu mwingine yeyote, na siri ya mtoto haikutoka kinywani mwake.

Zikaja siku mbaya. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, chama kiitwacho Ku Klux Klan kilienea katika Colorado. Wafuasi wake walivaa kanzu nyeupe na kujificha nyuso, wakawachukia watu weusi, Wayahudi, Wakatoliki na wageni. Mwaka 1924 chama hicho kilikuwa na nguvu hata mtu wake, Clarence Morley, akachaguliwa kuwa gavana wa jimbo. Lindsey alikipinga hadharani, wakati wengi wa wenzake walipoona afadhali kunyamaza. Katika uchaguzi wa mwaka huo Klan ilimsimamisha mtu wake, Royal Graham, agombee kiti cha mahakama ya watoto. Kura zilipohesabiwa Lindsey alikuwa mbele, lakini kwa kura chache sana, zisizofika mia mbili. Graham akaenda mahakamani akidai kwamba uchaguzi ulikuwa na kasoro. Alifariki kabla kesi haijakwisha, na mjane wake akaiendeleza kwa kudai mshahara ambao mumewe angaliupata.

Mwaka 1927 mahakama ya juu kabisa ya Colorado ikatoa hukumu. Ilizifuta kura zote za mtaa mmoja wa Denver, waliokaa Wayahudi wengi, kwa sababu ya kasoro zilizoonekana katika kituo hicho. Kura hizo zilipoondolewa, Lindsey akawa ameshindwa, tena ameshindwa na mtu aliyekwisha kufa. Baada ya zaidi ya miaka ishirini na mitano katika kiti chake, akaambiwa atoke. Kabla ya kutoka alifanya jambo moja ambalo watu wa Denver walilisimulia kwa muda mrefu. Katika makabati yake yalikuwamo maandishi ya siri za maelfu ya watoto na wazazi. Aliogopa yasije yakaangukia mikononi mwa watu wanaotafuta kuwatisha wenzao. Akayachukua, akayapeleka mahali pa wazi, akayachoma moto mbele ya macho ya watu. Wengine walisema ameharibu mali ya mahakama. Lakini wako wazazi wengi waliolala usingizi usiku ule.

Twapenda kusema kweli yote, kwa maana kumsifu mtu kupita kadiri ni kumdhulumu msikilizaji. Lindsey hakuwa malaika. Alipenda jina lake litajwe. Katika kitabu chake cha mwaka 1927 alitoa maoni juu ya ndoa, kwamba vijana waruhusiwe kuoana wakiwa na njia nyepesi ya kuachana maadamu hawajapata mtoto, na maoni hayo yaliwachukiza wahubiri wengi waliokuwa rafiki zake. Sisi nasi hatuwezi kuyakubali. Mwaka 1929 aliondolewa katika orodha ya mawakili wa Colorado, kwa kuwa alipokea fedha kwa kazi ya kisheria akiwa angali hakimu. Yeye alikana kwamba alifanya kosa, na mwaka 1935 mahakama ile ile ikamrudisha katika orodha. Walakini hakimu apaswa kuwa mbali hata na kivuli cha fedha ya namna hiyo, maana doa dogo juu ya kanzu yake huonekana kutoka mbali.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lindsey alikuwa amekwisha hamia California, na mwaka 1934, akiwa mwenye umri wa miaka 64, alisimama mbele ya wapiga kura wa wilaya ya Los Angeles, wakamchagua kuwa hakimu wa mahakama yao kuu ya wilaya. Huko alishughulika na mume na mke waliotaka kuachana. Alikuwa ameona kwa miaka mingi kwamba mtoto mtukutu aghalabu hutoka katika nyumba iliyovunjika, na kwamba mahakama humkuta baadaye, akiwa amekwisha haribika. Mwaka 1939 California ilitunga sheria ya mahakama ya suluhu, aliyoisaidia yeye, ili wazazi wanaogombana waitwe na kusemezwa kwa upole kabla talaka haijaandikwa, kwa ajili ya watoto wao. Wazee wetu wa mabaraza ya vijijini hawatashangaa kusikia hayo, maana nao tangu zamani huwaita wazazi wa pande mbili kabla ya kukubali kuwatenga mke na mume. Lindsey alifariki tarehe 26 Machi 1943, angali hakimu.

Je, twajifunza nini juu ya ile desturi ya kura? Mwaka 1908 kura ilimwokoa hakimu mwema katika mikono ya wakubwa. Mwaka 1924 karibu imwondoe kwa sababu alikataa kuungana na chuki ya wengi. Desturi ni ile ile, mji ni ule ule, na mtu ni yule yule. Kilichogeuka ni mioyo ya wapiga kura. Watu wa Colorado wenyewe waliyatafakari mambo haya, na mwaka 1966 wakapiga kura kubadili katiba ya jimbo lao. Tangu hapo mahakimu wao hawapambani tena kwa bendera za vyama. Kwa jumla, halmashauri maalumu huleta majina machache ya watu wanaofaa, gavana humteua mmoja wao, kisha baada ya muda wananchi huulizwa swali moja tu, hakimu huyu abaki au aondoke. Jimbo la Missouri lilikuwa limeonyesha njia hiyo mwaka 1940. California, kwa upande wake, ingali ikiwachagua mahakimu wake wa wilaya kwa kura, wakigombea pasipo kutajiwa chama.

Hapana njia isiyo na hatari. Hakimu aliyeteuliwa aweza kumtazama aliyemteua kabla ya kutoa hukumu. Hakimu aliyechaguliwa aweza kuuliza moyoni mwake, hukumu hii itanipunguzia kura ngapi? Kwa hiyo sisi twaona kwamba kipimo cha hakimu, ajapo kwa njia hii au ile, ni kimoja. Tumtazame awatendeavyo watu wasioweza kumlipa, yaani mtoto, mgeni, mjane asiye na ndugu, na mfungwa asiye na wakili. Hao hawana cheo cha kumpa wala kura ya kumnyima. Lindsey alikuwa na makosa yake, lakini kwa kipimo hicho hakupunguka. Alikaa katika kiti kilichopatikana kwa kura, na kazi yake nzima ilikuwa kwa ajili ya watu wasio na kura.

Nasi tunaosikiliza tuna sehemu yetu. Siku hizi nchi zetu nazo zina mahakama za watoto. Katika Tanzania, kwa mfano, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaamuru kesi za watoto zisikilizwe mbali na za watu wazima, wala zisisikilizwe hadharani. Lakini sheria iliyoandikwa ni kama shamba lililopimwa, halitoi mavuno pasipo jembe. Ukimwona mtoto wa jirani ameshikwa na mahindi ya mtu, usitangulie kupiga kelele za mwizi. Mpeleke kwa wazee au kwa wenye sheria, na usiku ukaribie nyumba yake utazame kama jiko lina moto. Wazazi na walimu wenzetu, yatupasa kufanya hivyo kabla ya hakimu, ili hakimu asiwe na kazi nyingi.